Kambo na Ulezi: Msamiati, Hadithi na Filamu kwa Familia Zinazolea Watoto Zisiowazaa, kwa Mfano wa Nyakitonto

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza vitabu na filamu zinazoweza kuzifaa familia zinazolea watoto ambao hazikuwazaa. Mahali tulipopachagua ni Nyakitonto, kata iliyomo wilayani Kasulu katika nyanda za juu za Kigoma, nasi tunalo jambo la kueleza kuhusu uteuzi huo. Wilaya za Kasulu na Kibondo zimepokea watu wanaokimbia vita kwa zaidi ya nusu karne. Warundi walivuka mpaka mwaka 1972, wakavuka tena baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, na kwa mara nyingine kuanzia Aprili 2015. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, imo katika wilaya hiyohiyo ya Kasulu. Katika kila wimbi la wakimbizi wamo watoto waliotengana na wazazi wao njiani, na aghalabu hao hukabidhiwa familia nyingine za wakimbizi wenzao. Nje ya kambi, katika vijiji vya Waha, watoto wa ndugu aliyefariki huchukuliwa na shangazi, mjomba au bibi bila karatasi yoyote.

Hali hizo mbili hazifanani kisheria, lakini zinakutana katika lugha. Aleaye mtoto asiyemzaa huhitaji jina la kuitwa, na huhitaji hadithi za kumsomea mtoto huyo. Dai letu ni kwamba jina alilopewa na lugha rasmi ya Tanzania ni baya, na kwamba hadithi nyingi za Kiswahili zinamjua yatima vizuri sana ilhali hazimjui mlezi.

2. Neno kambo

Katika Kiswahili cha kawaida mama wa kambo ni mke wa baba asiyekuwa mama mzazi. Baba wa kambo ni mume wa mama. Msingi wa maana hiyo ni ndoa. Mtoto hupata mama wa kambo kwa sababu baba yake ameoa, wala si kwa sababu mwanamke fulani amemhurumia. Lakini baada ya Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 kutungwa, na kanuni zake kufuata, lugha ya ustawi wa jamii nchini imezoea kuita ulezi wa muda wa mtoto asiye na wazazi "malezi ya kambo", na wanaoutoa "wazazi wa kambo". Maana imepanuliwa, na uhusiano wa ndoa umeondolewa. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, lakini tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za nchi, kwa hiyo suala la istilahi si la wanaisimu peke yao tena.

Upanuzi wa maana si kosa kwa asili yake. Tatizo ni kwamba neno hili lilikuwa limekwisha kubeba mzigo kabla ya kupanuliwa. Mama wa kambo wa ngano zetu ni yule anayemnyima yatima chakula, anayemtuma kuteka maji usiku, anayemvisha mwanawe mwenyewe na kumwacha mwingine na matambara. Msikilizaji hahitaji kuelezwa tabia yake. Akishatajwa tu, kitakachofuata kinajulikana. Riwaya nazo zimerithi mhusika huyo. Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), Rehema aliyefiwa na mama yake anateseka katika nyumba inayotawaliwa na mke mwingine wa baba, na wasomaji wengi hawakuona ajabu yoyote katika jambo hilo. Mwanamke wa Nyakitonto anayempokea mtoto wa marehemu dada yake, kisha akaambiwa ofisini kwamba yeye sasa ni mzazi wa kambo, anavishwa vazi la mhusika huyo.

Kwa Mrundi hali ni ngumu zaidi. Kirundi humwita mama wa kambo mukase, neno lenye maana iliyo wazi ya mke wa baba yake. Mtoto wa Kirundi akielezwa kwa tafsiri hiyo kwamba anapelekwa kwa mama wa kambo, anaweza kabisa kuelewa kwamba baba yake ameonekana na ameoa. Hapo istilahi imeacha kuwa mbaya tu, imekuwa ya uongo. Ifahamike pia kwamba Kiha na Kirundi ni lugha zilizo karibu mno (Guthrie aliziweka katika kundi moja, D60), hata wasemaji wake huelewana bila mkalimani. Mfasiri wa haraka ofisini atavutwa na neno lililo karibu, na lililo karibu ni hilo.

Je, lugha haina neno jingine? Inalo. Mlezi, mama mlezi na baba mlezi ni maneno safi yasiyodai ndoa wala kubeba ngano. Maofisa wenyewe wanatumia pia usemi "familia ya kuaminika" kwa familia inayompokea mtoto kwa dharura. Kwa ulezi wa kudumu unaothibitishwa na Mahakama Kuu tuna kitenzi kuasili. Hiki ni kizuri, ingawa kina hila yake: kimetokana na asili, yaani shina au chanzo, na hivyo kinaelekea kusema kwamba mtoto amepewa chanzo kipya, kana kwamba cha kwanza kimefutwa. Wakristo, ambao ni wengi Kasulu, wamezoea kusikia kanisani katika nyaraka za Paulo usemi wa kufanywa wana. Waislamu wana msimamo ulio wazi kutokana na Suratul Ahzab, kwamba mtoto aleewe kwa hisani yote lakini aendelee kuitwa kwa jina la baba yake mzazi. Tunaona msimamo huu wa mwisho una hekima ambayo hata asiye Mwislamu anaweza kuitumia, kama itakavyoonekana mbele.

3. Yatima anasimulia, mlezi yu kimya

Siku Njema ya Ken Walibora (1996) husimuliwa kwa nafsi ya kwanza na Kongowea, kijana wa Tanga anayefiwa na mama yake, Zainabu Makame, akapata taabu mikononi mwa walezi, kisha akasafiri hadi Kenya kumtafuta baba yake. Kwa darasa la fasihi, riwaya hii ni hazina. Kwa familia ya walezi, ina sumu na dawa pamoja. Sumu ni ileile ya ngano: nyumba ya ulezi ni mahali pa kutoroka. Dawa ni safari yenyewe. Mlezi wengi humwogopa mtoto anayeuliza habari za baba yake. Humwona kama asiye na shukrani. Walibora anaifanya hamu hiyo kuwa injini ya riwaya nzima, na msomaji humtakia Kongowea afike. Mlezi akiisoma pamoja na mtoto, swali la "baba yangu yuko wapi?" linaweza kuulizwa kwa kupitia mdomo wa mhusika, na hakuna mtu chumbani aliyeshitakiwa.

Kidagaa Kimemwozea (2012), ya mwandishi huyohuyo, imekwenda hatua mbele zaidi, ingawa wahakiki wengi wameisoma kama riwaya ya siasa na wakalipita jambo hili. Kitoto kichanga kinatupwa mlangoni kwa Amani, kijana maskini. Yeye na Imani wanakitunza na kukiita Uhuru. Hawana ujuzi, hawana fedha, na malipo yao ni tuhuma. Mtoto anapougua wanampeleka hospitali, wanapuuzwa, naye anafariki. Hapa mlezi ndiye aliye katikati ya tukio, na tunayaona yale ambayo familia hizi huyajua vizuri: kwamba jamii humtilia shaka anayelea bure, ikauliza anatafuta nini, au kama mtoto si wake kwa siri. Hata hivyo hatungependekeza kitabu hiki kisomwe na mtoto aliyepokewa karibuni. Kifo cha Uhuru ni kizito. Ni kitabu cha walezi wenyewe, na cha maofisa wao.

Kitabu kinachofaa zaidi, kwa maoni yetu, kimekuwa mikononi mwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne nchini Tanzania kwa miaka mingi bila kutajwa kwa mintarafu ya ulezi. Takadini ya Ben Hanson (1997) hufundishwa kama riwaya ya unyanyapaa dhidi ya watu wenye ualbino, na ndivyo ilivyo. Lakini tuitazame kwa macho ya mtu wa Kasulu. Sekai anakikimbia kijiji chake usiku na mtoto mgongoni kwa sababu mila inataka mtoto huyo afe. Anafika ugenini, hana ndugu. Mzee Chivero anawapokea, na mtoto anakulia chini ya mkono wake. Hiyo ni hadithi ya mkimbizi na mwenyeji wake. Kweli, Takadini ana mama yake naye, hivyo si mtoto aliye peke yake. Lakini nafasi ya Chivero ni nafasi ya mlezi hasa. Hageuki kuwa baba wa mtoto, hafuti alikotoka, na wema wake haumfanyi malaika: yeye ni mzee mwenye heshima anayeihatarisha heshima hiyo mbele ya kijiji. Mwalimu wa Kiswahili katika sekondari yoyote ya Kasulu au Kibondo anaweza kuuliza swali moja nje ya yale ya mtihani: Chivero alipoteza nini kwa kuwapokea? Wanafunzi wanaolelewa na watu wasiowazaa watakuwa na majibu ambayo wenzao hawana, na kwa mara moja hali yao itakuwa elimu badala ya aibu.

Methali nazo zinahitaji mwalimu mwangalifu. "Mtoto wa nyoka ni nyoka" na "Damu nzito kuliko maji" hutamkwa kirahisi mbele ya mtoto aliyepokewa, na yeye huzisikia. Zipo zinazopingana nazo, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea" na "Mkono mmoja haulei mwana", wala si udhaifu wa lugha kuwa na pande zote mbili.

4. Filamu

Kuhusu filamu maelezo yetu ni mafupi, kwa sababu zilizo bora juu ya suala hili si nyingi. Tunayoijua na kuithamini ni Everyone's Child ya Tsitsi Dangarembga, iliyotengenezwa Zimbabwe mwaka 1996. Tamari na nduguze wanafiwa na wazazi kwa ukimwi. Kijiji kinawakwepa, jamaa aliyepaswa kuwalea anajali madeni kuliko watoto, na ni baada ya msiba mwingine tu ndipo watu wanapozinduka. Uzuri wa filamu hii ni kwamba haimtafuti mama wa kambo wa kulaumiwa. Mkosaji ni kila aliyedhani kwamba mwingine atawachukua. Ikionyeshwa katika ukumbi wa kijiji ifaa asimame mtu wa kufasiri kwa Kiswahili au Kiha papo hapo, kama wafanyavyo wafasiri wa vibanda vya video, na isimamishwe mara kwa mara watu wazungumze. Filamu inayotazamwa kimya hadi mwisho huwaacha walezi na huzuni yao peke yao.

5. Kitabu kisichochapwa

Kitabu chenye manufaa makubwa kuliko vyote tulivyovitaja huandikwa kwa mkono katika daftari. Nchini Uganda, katika miaka ya 1990, akina mama wa NACWOLA, umoja wa wanawake wanaoishi na virusi vya ukimwi ulioundwa mwaka 1992, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: mtoto alizaliwa wapi, alikuwa mtoto wa namna gani, ukoo wake ni upi, mama alipenda nini na alitumaini nini. Kitabu kilikusudiwa kusomwa katika nyumba ya mlezi baada ya mama kufariki. Kinazaa usomi wa namna ya pekee, kwa kuwa mlezi anayekisoma pamoja na mtoto anakiri kwa sauti kwamba kulikuwa na mwingine kabla yake.

Mtoto wa Nyarugusu hana mama wa kumwandikia. Itabidi aandike mwenyewe akisaidiwa na mlezi, kidogo kidogo, kadiri anavyokumbuka. Na hapa daftari lina kazi ya pili. Mwongozo wa UNHCR wa mwaka 1994 kuhusu watoto wakimbizi unazuia kuasiliwa kwa mtoto maadamu kuna tumaini la kuwapata wazazi wake, na kwa kawaida wataka ipite angalau miaka miwili. Msalaba Mwekundu huwatafuta jamaa kwa majina. Daftari la kumbukumbu basi ni hati ya utafutaji, na uangalifu wa lugha ndani yake si anasa.

Mambo mawili huharibu hati kama hiyo. La kwanza ni tahajia. Kirundi kina r na kwa asili hakina l, kwa hiyo jina la Kirundi likiandikwa na mtu mwenye sikio la Kiswahili anayechanganya sauti hizo mbili laweza kuingia katika orodha mahali ambapo hakuna atakayelitafuta. La pili ni dhana ya jina la ukoo. Fomu zetu huuliza jina la mtoto, la baba na la babu kana kwamba yanafuatana. Burundi kwa desturi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ndugu wa tumbo moja huweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo, wala hakuna hata mmoja anayebeba la baba. Mlezi asiyejua hilo atajaza jina la mtoto katika nafasi ya baba kwa nia njema, na baba huyo hataonekana kamwe. Daftari liandikwe hivi: jina la mtoto peke yake, jina la mama peke yake, jina la baba peke yake, majina ya ndugu mmoja mmoja, kisha mkoa, komuni na kilima walikokuwa wakiishi; na kila jina liandikwe kama mtoto anavyolitamka, kabla halijasahihishwa na mtu mzima yeyote.