Wa Mbali Bado ni wa Nyumbani

Andiko la msingi: Wafilipi 2:25-30



Jumapili iliyopita niliuliza kanisani ni nani ana ndugu anayefanya kazi Arabuni. Mikono ilikuwa mingi. Nikauliza tena: ni nani wiki hii amempigia simu yeye mwenyewe, bila kungoja apigiwe? Mikono ikawa michache, na wangu haukuwemo.

Mdogo wangu wa kike yuko Riyadh, anafanya kazi za nyumbani. Mwaka jana mama yetu aliugua, akalazwa siku tisa. Tulikubaliana tusimwambie, asije akapata mawazo. Lakini wiki hiyo hiyo mimi nilimpigia kuhusu karo. Alikuja kujua kwa status ya jirani. Akanipigia, akasema, "Kaka, pesa yangu inajua njia ya nyumbani. Habari ya mama ndiyo ilipotea njia?"

Nilikosa jibu. Ndiyo maana nimeandika somo hili, na linaanza na mimi.

1. Tuambiane ukweli

Kanisa la Filipi lilimtuma Epafrodito kumpelekea Paulo msaada kifungoni. Huko akaugua, karibu afe. Habari zikafika kwao Filipi. Naye aliposikia kwamba wamesikia, akahuzunika kwa ajili yao. Hakukuwa na simu. Habari zilitembea kwa miguu na kwa meli, lakini zilifika pande zote mbili. Tena Paulo hakupunguza: aliandika wazi kwamba ndugu yao aliponea chupuchupu. Sisi wenye simu mfukoni ndio tunafichana!

Ukweli una namna yake. Ngoja amalize kazi, mwambie taratibu, kisha muombe pamoja kabla ya kukata simu.

Na yeye pia aweze kutuambia ukweli. Mtu anayepigiwa kwa ajili ya pesa tu ataogopa kusema hajalipwa miezi mitatu, au pasipoti yake imeshikwa na mwajiri, au anapigwa. Atasema "niko salama" ili asituvunje moyo. Muulize bila haraka, halafu unyamaze usikilize. Weka nyumbani nakala ya pasipoti yake, mkataba wake na jina la ajenti aliyempeleka. Ubalozi wa Kenya uko Riyadh, na siku ya shida karatasi hizo ndizo utakazoulizwa.

2. Mtu kwanza, pesa baadaye

Chuoni nilisomea biashara, kwa hiyo nyumbani mimi ndiye mwenye daftari. Baada ya simu ile nililifungua. Kila shilingi aliyotuma imeandikwa, na tarehe yake. Yale ambayo sisi tulimtumia yeye hayakuwa na hata ukurasa mmoja.

Mwangalie Yusufu, Mwanzo 43:27. Ndugu zake walifika Misri kutafuta chakula, lakini yeye swali lake lilikuwa baba: je, mzee hajambo? Aliye mbali ana njaa ya habari za nyumbani. Tusimjibu kwa orodha ya mahitaji.

3. Tuweke wakati

Saa ya Riyadh na Doha ni sawa na ya hapa Salaita. Dubai na Muscat wametutangulia saa moja tu. Kwa hiyo tusisingizie saa. Muulize siku yake ya kupumzika, kama anapewa, halafu mpange muda. Bando ikiwa ndogo, au simu ya WhatsApp ikikataa kama inavyozuiwa Dubai, tuma ujumbe wa sauti. Mrekodie nyanya akimsalimia kwa Kitaita, au watoto wakiimba. Atausikiliza usiku akiwa peke yake, na atajua bado ana kwao.

Ya kufanya wiki hii

- Piga simu moja ambayo ndani yake hakuna ombi la pesa.
- Kama kuna jambo mmemficha, kaeni kama familia mkubaliane nani atamwambia, na lini.
- Leta jina lake kwenye ushirika wa nyumbani Jumatano. Tutamwombea kwa jina.

Mimi nilimwomba dada yangu msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa nipe mama niongee naye." Waliongea mpaka bando ikaisha.

Tuombe: Baba, wewe unawaona walio mbali hata tusipowaona. Walinde, na utufundishe sisi tuliobaki kuwa nyumbani kwao. Kwa jina la Yesu, amina.