Chungu Kimoja Baada ya Ibada

Somo la vikundi vya nyumbani
Someni kwanza: 1 Wakorintho 11:17-34 na Matendo 6:1-6



Juma hili tunajifunza juu ya chakula. Si chakula cha kiroho, ambacho tumekifundisha mara nyingi, bali ugali na maharage tunayokula pamoja chini ya mti ibada ikiisha. Wakimbizi tunaoabudu hapa Koboko, kuanzia Lobule hadi Abuku, tumeona jambo hili: kuna familia zinazoondoka mara tu baada ya sala ya mwisho. Baba anasema mbuzi hajafungwa, mama anasema mtoto ana homa. Sababu yenyewe tunaijua sote. Hawakuleta kitu, na wanaona haya kunyoosha sahani.

Haya hiyo haikutoka hewani. Mwezi wa Aprili 2020 mgao wa chakula cha wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30, na Februari 2021 ukapunguzwa tena. Mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, na kundi la tatu likaachwa bila mgao. Mwaka 2025 fedha zilipozidi kupungua, watu wapatao milioni moja walitolewa katika orodha. Kwa hiyo katika benchi moja la kanisa wanaketi majirani wawili waliokimbia vita vilevile, mmoja anapokea na mwingine hapokei. Wote wawili wanaambiwa walete chakula cha ushirika.

Sasa tuone Korintho. Watu wengi husoma sura hii ya 11 kwa ajili ya Meza ya Bwana tu, wakaruka sehemu ya kwanza. Lakini Paulo anaanza kwa kuwakemea kwa sababu ya mlo. Waliokuwa na chakula walikula chao mapema, wengine mpaka wakalewa, na wasio na kitu wakabaki na njaa katika chumba kilekile. Walimu wengi wa Biblia wanafikiri kwamba hao wa mwisho walikuwa watumwa na vibarua waliochelewa kutoka kazini. Paulo anasema kufanya hivyo ni kuwaaibisha maskini na kulidharau kanisa la Mungu. Dawa anayotoa ni nyepesi sana: ngojaneni. Mwenye njaa kali ale kwanza nyumbani kwake.

Kuna Wakristo wa Marekani wanaoitwa Waamish ambao tunaweza kujifunza kwao. Hao ni wakulima wanaotumia farasi, na baba zao walikuwa wakimbizi kama sisi. Katika karne ya 16 na ya 17 watu wa imani yao waliuawa na kufukuzwa huko Uswisi na nchi jirani kwa sababu ya kubatiza watu wazima. Kundi la Waamish lilijitenga na wenzao mwaka 1693 likimfuata Jakob Ammann, na katika karne ya 18 wakaanza kuvuka bahari kwenda Pennsylvania. Hata leo wengi wao hawana jengo la kanisa. Wanakutana katika nyumba za washirika kila Jumapili ya pili, kwa zamu. Mabenchi husafirishwa kwa gari la farasi kutoka nyumba hadi nyumba, na ibada ikiisha mabenchi hayohayo huunganishwa yakawa meza.

Lililotugusa ni chakula chao. Katika jumuiya nyingi ni mkate, karanga za kusagwa zilizotiwa utamu, jibini, matango ya siki na kahawa. Kwingine ni supu ya maharage yenye maziwa. Nyumba ya tajiri na nyumba ya maskini hutoa vitu vilevile. Mama mwenye nyumba hapiki zaidi ili asifiwe, na yule ambaye zamu yake inafuata haingiwi na hofu. Watu wakizidi nafasi, wanakula kwa awamu. Hatusemi tuige kila desturi yao, maana hata jibini hapa ni hadithi. Lakini karanga tunazo.

Tunapendekeza hivi. Chakula cha Jumapili kiwe kimoja siku zote: ugali, maharage yaliyoungwa kwa karanga za kusagwa, na majani ya kunde yanapopatikana. Asiongezwe kuku kwa sababu mgeni mkubwa amekuja. Mgeni akila maharage atatujua vizuri zaidi. Kwa watu 60 hesabu kama kilo 10 za unga, kilo 6 za maharage makavu na kilo moja ya karanga; watoto wakiwa wengi unga utasalia kidogo. Maharage yalowekwe Jumamosi jioni, maji hayo yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu mpaka yaive kabisa. Kuloweka kunapunguza kuni, na kuni katika wilaya hii ni jambo la kuleta ugomvi na wenyeji wetu. Tusisahau kwamba wenyeji hao nao walikimbilia Kongo na Sudan baada ya mwaka 1979, na wengi walilishwa huko. Mwenyeji akipita wakati wa kula, akaribishwe.

Kuhusu kuchanga, gunia moja liwekwe nyuma ya kanisa kabla ya watu kuingia. Mwenye kikombe cha maharage amimine, mwenye nusu amimine nusu. Asiye na kitu apite. Jina lisiandikwe na matangazo yasitolewe. Tunajua makanisa mengi yanapenda kusoma majina ya waliotoa ili kuwatia moyo. Kwa sadaka ya mabati sawa, lakini kwa chakula orodha hiyo huwasoma pia wale ambao hawamo.

Jambo moja lichunguzwe kwa ukali, nalo ni unga wa muhogo. Mwezi wa Septemba 2017 huko Kasese, magharibi mwa Uganda, watu waliokusanyika kwa mazishi walikula ugali wa muhogo wakaanza kutapika na kuharisha. Watu 98 waliugua na wawili walikufa. Wapimaji walikuta sumu ya muhogo katika unga ulionunuliwa. Muhogo mchungu ni lazima umenywe, ulowekwe kwa siku kadhaa mpaka ulainike, kisha ukaushwe vizuri juani. Njaa inapobana watu hufupisha siku hizo, na kusonga ugali tu hakuondoi sumu yote. Sombe nayo itwangwe na ichemshwe muda mrefu bila kufunikwa. Basi unga wa muhogo usiojulikana umetoka wapi usiingie katika chungu cha kanisa, hata ukitolewa kwa moyo mwema. Tutumie wa mahindi.

Nani ashike upawa? Katika Matendo 6 wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwahubiria wavumilie. Waliagiza wachaguliwe watu saba. Tazameni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Kanisa liliwakabidhi meza watu wa upande uliolalamika. Kwetu ingekuwa kuchagua wapakuaji kati ya familia zisizopokea mgao, wanaume kwa wanawake, ili akina mama walewale wasikose mahubiri kila juma.

Katika vikundi jadilini maswali haya. Ni nani katika kijiji chenu ameacha kuja kwa sababu ya chakula, na nani atamtembelea? Je, wazee wa kanisa wako tayari kupakuliwa mwisho? Chagueni pia majina mawili ya wapakuaji, mwanamume na mwanamke. Yafike kwa mashemasi kabla ya Jumamosi mchana, kwa sababu jioni hiyo maharage yanalowekwa.