Picha Zina Ukungu? Usiilaumu Lenzi Bado

Msimu wa mahafali uliopita, kina dada sita wa bloku yetu waliniomba niwapige picha. Kila mmoja alitoa 15,000. Kamera ilikuwa na wiki mbili tu mkononi mwangu, imenunuliwa kwa bumu la awamu mbili pamoja na hela za tuisheni ya likizo, jumla milioni moja na laki mbili. Kwenye kile kiskrini cha nyuma picha zilikuwa zinameremeta. Nikawa naringa kabisa.

Usiku nikazifungua kwenye laptop. Jamani! Nyuso laini kama zimepakwa mafuta, kope hazionekani, maandishi ya kwenye skafu yamelegea. Mmoja wa wale dada alikuwa amekuja na mama yake kutoka Songea, safari ya kutwa nzima kwenye basi, na picha yao wawili ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Aliitazama, akaniuliza kwa upole tu, "Sasa mdogo wangu, si bora ungetumia simu?" Nilirudisha hela za watu wawili.

Kesho yake nikaenda kwa fundi mmoja mjini. Akaishika kamera, akaigeuza, akasema lenzi imehama, niache elfu 60 aipange upya. Sikuwa nayo. Umaskini huo ndio ulionisaidia, kwa sababu ilibidi nijifunze mwenyewe.

Mimi nasoma ualimu wa hisabati. Kwenye somo la mbinu za kufundisha tunaambiwa kwamba mwanafunzi akikosa swali la milinganyo, usimwandikie "rudia" halafu ukaondoka. Tafuta ni mstari upi alipoteleza. Nikaamua kuzisahihisha picha zangu namna hiyo. Nilizikuza mpaka ukubwa wake kamili, moja baada ya nyingine, nikiuliza: je, kuna kitu chochote humu ndani kilicho kikali? Hilo swali ndilo la kwanza, na wengi tunaliruka.

Maana ukungu si ugonjwa mmoja. Kama majani ya nyuma ya mtu ni makali lakini uso umelegea, na mtu alikuwa ametulia, kamera ililenga mahali pasipo. Kama ukuta ni mkali ila mkono wa mtu umeacha mkia, huyo mtu alisogea. Kama kila kitu kimevutika kuelekea upande mmoja, hata nguzo na mawe, basi wewe mpigaji ndiye uliyetikisika. Na kama kila kitu kimelegea sawasawa bila mkia wowote, hapo sasa unaweza kuanza kuishuku lenzi.

Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu elfu 60, pima. Nilibandika karatasi ya mtihani wa zamani ukutani kwenye korido ya hosteli, penye mwanga wa dirisha. Kamera nikaiweka juu ya meza, imekaa juu ya vitabu vinne. Nikazima kitulizaji cha mtikisiko, nikaweka tundu la lenzi f/8 na aisio 100, nikalenga katikati ya karatasi, nikatumia kihesabu cha sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise. Picha ikatoka kali mpaka nukta za juu ya herufi i unazihesabu. Lenzi ilikuwa nzima! Kamera ilikuwa nzima. Mbovu nilikuwa mimi.

Na hapo nikaelewa kwa nini maneno ya fundi yalikuwa na walakini. Kamera za zamani zenye kioo ndani zilikuwa zinapeleka mwanga kwenye sensa nyingine ya kulengea, tofauti na ile inayopiga picha. Hizo mbili zikipishana kidogo, kamera inalenga mbele au nyuma ya mtu, na kweli inahitaji kupangwa. Hizi mpya zisizo na kioo, tunazoziita mirolesi, zinalenga kwa kutumia sensa ileile inayopiga picha. Ugonjwa ule kwao ni nadra.

Tuje kwenye kosa langu kubwa. Nilikuwa nimesikia kwamba aisio kubwa inaharibu picha, kwa hiyo nikaifunga isizidi 400. Picha nyingi tulipiga kwenye saa kumi na mbili jioni, chini ya miti. Lenzi iliyokuja na kamera, ukivuta mpaka milimita 50, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Mwanga mdogo, tundu dogo, aisio imefungwa: kamera ikabaki na njia moja tu, kupunguza kasi ya shata. Nikaangalia taarifa za picha ya mama wa Songea nikakuta 1/40.

Kuna kanuni ya wapiga picha kwamba kasi isipungue moja chini ya urefu wa lenzi. Kwa kamera yenye sensa ndogo kama yangu, zidisha urefu huo kwa 1.5 kwanza. Milimita 50 inakuwa 75, hivyo angalau 1/80, na mimi naongeza mpaka 1/160 kwa sababu megapikseli 24 hazifichi kitu. Lakini hiyo ni kwa ajili ya mikono yako tu. Kitulizaji cha mtikisiko nacho kinatuliza kamera, hakimtulizi mtu anayecheka. Watu waliosimama wakiongea nawapiga 1/200, wanaotembea 1/250 au zaidi, wakirusha kofia 1/500 kwenda juu. Ile jioni ya 1/40, kama ningeiachia aisio ifike 1600 ningepata 1/160. Kwa 3200 ningepata 1/320. Kungekuwa na chengachenga, ndiyo. Chengachenga zinapunguzwa kwenye programu, na kwenye picha ya kuchapwa ya kawaida hata huzioni. Mkia wa uso uliosogea hauondoki.

Kosa la pili lilikuwa fokasi. Kamera yangu ilikuwa imewekwa ichague yenyewe mahali pa kulenga kwenye fremu nzima, nayo ikapenda ua la mibogenvilia nyuma ya watu, lina rangi na mistari mingi. Sasa nawasha utambuzi wa uso na jicho. Ukigoma, natumia kiboksi kimoja kidogo nakiweka juu ya jicho la karibu. Pia nilikuwa nabonyeza kitufe nusu, fokasi inajifunga, halafu namwambia mtu "njoo mbele kidogo." Amesogea hatua nzima, fokasi imebaki kulekule. Kwa watu wanaosogea tumia fokasi endelevu.

Kaka mmoja wa mwaka wa nne aliniazima lenzi ya milimita 50 f/1.8. Inaingiza mwanga karibu mara 10 ya f/5.6, nikajua nimepona. Picha za kwanza zikawa mbaya zaidi! Ukimpiga mtu kutoka mita moja na nusu kwa f/1.8, eneo lililo kali lina kina cha sentimita 6 hivi. Jicho moja kali, sikio limeyeyuka. Watu wa mistari miwili ndiyo usijaribu. Kwao funga tundu mpaka f/5.6 au f/8, urudi nyuma. Ila usifike f/22 ukidhani unaongeza ukali, kwa sababu tundu likiwa dogo mno mwanga wenyewe unatawanyika na picha inalegea tena.

Mengine ni madogo. Ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kuingia joto la Dar, lenzi inapiga mvuke. Iache ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa. Vua kioo cha bei rahisi cha mbele ya lenzi, upime bila hicho. Kama unachoona kwenye kitundu cha kuchungulia ndicho chenye ukungu lakini picha ni safi, zungusha kigurudumu cha pembeni yake, ni macho yako tu. Na usihukumu picha iliyopita WhatsApp, itume kama dokumenti.

Halafu hilo la simu. Yule dada hakukosea. Simu inaunganisha picha kadhaa, inazinoa yenyewe, na sensa yake ndogo inafanya karibu kila kitu kionekane kikali. Kamera, hasa ukipiga mafaili ghafi, inakupa kitu ambacho hakijanolewa, kazi ni yako.

Ile picha bado ninayo. Nimeshajua kilichotokea: majani hayana mkia, gauni halina mkia, ni uso wa mama tu. Alikuwa anageuka kumwangalia binti yake, na mimi nilikuwa kwenye 1/40.