Kiharusi: Mshipa Umefunguliwa, Mbona Wengine Wachelewa Kupona?

Kiharusi kinachosababishwa na donge la damu kuziba mshipa mkubwa wa ubongo kina tiba isiyohitaji kupasua fuvu. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinenani hadi ubongoni, akalinasa donge na kulivuta nje. Ni hospitali chache nchini zinazotoa huduma hii.

Lakini mshipa kufunguka ni jambo moja, na mgonjwa kupona ni jingine. Mwaka 2016, watafiti walijumlisha matokeo ya majaribio 5 yaliyohusisha wagonjwa 1,287. Baada ya siku 90, asilimia 46 ya waliotibiwa hivi waliweza kujitegemea, dhidi ya asilimia 26.5 ya waliopata matibabu ya kawaida pekee. Faida ni kubwa, ila zaidi ya nusu hawakufika hapo.

Muda ndio huamua mengi. Inakadiriwa ubongo hupoteza chembe milioni 1.9 kila dakika mshipa ukiwa umeziba. Kwa kawaida donge huondolewa ndani ya saa 6. Wachache husaidika hadi saa 24, iwapo mishipa midogo ya pembeni imeendelea kulisha eneo lililoathirika. Ndiyo maana wagonjwa wawili waliofika saa moja huweza kuwa na matokeo tofauti kabisa. Umri, ukali wa kiharusi chenyewe na sukari iliyopanda pia huchangia.

Jamaa wengi hushangaa shinikizo la damu lisiposhushwa haraka baada ya tiba. Kuna sababu. Likipanda mno, ubongo huweza kuvuja damu. Likishuka mno, hukosa damu ya kutosha. Jaribio la China lililochapishwa mwaka 2022 lilionyesha kwamba walioshushwa chini ya 120 walipona vibaya kuliko walioachwa kati ya 140 na 180.

Hatari nyingine huletwa na upendo: uji. Koo likiwa limelegea, chakula huingia mapafuni na kuleta nimonia. Mgonjwa asipewe chochote, hata maji, kabla ya wahudumu kupima anavyomeza.

Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, mkimbize mgonjwa hospitalini. Usimpe aspirini nyumbani, kwani baadhi ya viharusi hutokana na damu kuvuja. Mweleze daktari saa kamili mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Tiba hupangwa kuanzia saa hiyo.