SUFURIA NA UWANJA WA SHULE



Somo la mwezi huu lahusu vitu viwili ambavyo wazazi wa Karatu huvipita kila siku bila kuvitazama sana: sufuria ya jikoni shuleni na uwanja wa michezo. Nilifundisha walimu katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi. Kila wanachuo wangu waliporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, niliwauliza swali moja kabla ya kuulizia habari za hesabu na kusoma: watoto wa darasa lako walikula nini jana? Wengi walinyamaza. Walijua nani hawezi kugawanya, lakini hawakujua nani amekuja na tumbo tupu.

Tuanze na tumbo, basi. Wilaya yetu iko juu na asubuhi zake ni za baridi. Mtoto huondoka nyumbani gizani, pengine amekunywa chai ya rangi, pengine hata hiyo hakuipata. Hutembea, hufagia, huimba mstarini, kisha huketi darasani. Ikifika saa nne macho yamekuwa mazito, na mwalimu huandika kwamba mtoto huyu si msikivu. Ubongo wa mtoto anayekua hula sehemu kubwa ya nguvu ya chakula chake, kupita ubongo wa mtu mzima kwa kadiri yake. Ukimnyima chakula hadi saa tisa alasiri, umemnyima na somo.

Serikali ilipoondoa ada na michango ya lazima mwaka 2016, wazazi wengine walidhani chakula nacho kimo. Hakimo. Chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki mikononi mwa wazazi wenyewe, kwa kupatana katika mikutano yao na kamati ya shule. Na hapo ndipo maneno huanza: mzigo ni mkubwa, mvua hazikunyesha, wengine hawatoi, kwa nini nitoe mimi?

Hebu tupige hesabu, maana mzigo huu hutishwa kwa maneno kuliko kwa kilo. Tuseme kila mtoto apate gramu 100 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa siku. Mwaka wa shule una siku 194. Mahindi yatakuwa kilo 19 na nusu hivi, na maharage hayafiki kilo 8. Kwa kipimo chetu cha nyumbani, hilo ni debe moja la mahindi au zaidi kidogo, na chini ya nusu debe ya maharage, kwa mtoto mmoja, kwa mwaka mzima. Asiye na maharage aweza kutoa mbaazi au ngwara, ambazo hapa Karatu twazilima na kuwauzia watu wa mbali huku watoto wetu wakila ugali mtupu. Kuni, chumvi, mafuta na mpishi vyataka mapatano mengine, sikatai. Lakini nafaka ndiyo sehemu kubwa, nayo hutoka shambani mwetu baada ya mavuno. Wakati wa kuidai ni huo wa mavuno. Ukingoja Januari utapata hadithi tu.

Sasa jambo gumu. Afanyweje mtoto ambaye mzazi wake hakutoa? Ziko shule ambako huondolewa mstarini akakae chini ya mti huku wenzake wakila. Naelewa hasira ya waliotoa, na najua wapo wazazi wenye ng'ombe wanaojifanya maskini. Hata hivyo nasema waziwazi kwamba adhabu hiyo imempata asiye na kosa. Mzazi mkaidi aitwe na kamati, apelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji, atoe siku za kazi kama hana nafaka: apasue kuni, achote maji. Mjane na yatima wasamehewe, na majina yao yasisomwe mbele ya watoto. Lakini sahani ya mtoto isiguswe.

Tukipata nafaka, tuipike vema. Hapa nina neno na akina mama wapishi, nao wanisamehe. Desturi yetu ni kutia magadi katika makande ili maharage yaive upesi. Magadi hulainisha kweli, lakini hupunguza vitamini, na magadi ya ukanda wetu huwa na floraidi nyingi. Floraidi ndiyo inayoyatia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi hukaza mifupa na kuipinda. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa tayari yana floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa nini tuongeze nyingine kwa kijiko? Loweka maharage jioni katika maji mengi, asubuhi mwaga maji hayo, kisha bandika. Yataiva mapema, na kuni zitapungua. Shule yenye paa la bati ikiweka mifereji na tangi hupata maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi kabisa. Hayo yawe ya kunywa na kupikia. Ya kisima yawe ya kufulia.

Ghala nalo liangaliwe. Mahindi yaliyoanikwa chini kwenye udongo au yaliyofungwa kabla ya kukauka huota ukungu wenye sumukuvu, nayo haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, jirani zetu hapa. Gunia lenye punje za kijani au nyeusi lisipokelewe, hata likiletwa na mkubwa wa kijiji. Na unga wa shule uwe dona, maana ukikoboa unatupa kiini na ngozi, na humo ndimo zilimo vitamini nyingi na mafuta. Dona haikai sana, basi sagisheni ya majuma machache tu.

Mboga si lazima zinunuliwe. Mchicha, mnavu, majani ya kunde na ya maboga huota kwenye maji ya kunawia mikono. Chuma cha damu kilichomo katika maharage huingia mwilini vizuri zaidi kikifuatana na tunda chachu au limao, na huzuiwa na chai inayonywewa pamoja na chakula. Kwa hiyo chai isiletwe wakati wa makande. Kwa wale wa Mang'ola na kandokando ya Ziwa Eyasi, mbuyu umejaa vitamini C. Wahadzabe wamelijua tunda hilo kabla ya shule yoyote kujengwa huko. Unga wa ubuyu ukitiwa katika uji uliokwisha kupoa kidogo, faida yake hubaki. Nasema ubuyu mweupe wa mtini, si ule mwekundu wa kwenye mfuko uliojaa sukari na rangi.

Nikiwa kwenye sukari, nitazame na mji. Karatu imekua kwa utalii, na langoni mwa shule nyingi pana meza ya pipi, biskuti na barafu za rangi. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko vinane au tisa vya chai. Mzazi anayempa mtoto shilingi mia tano kila asubuhi asiwe na nguvu ya kusema hana debe la mahindi. Kamati ya shule yaweza kuzungumza na wenye meza hizo wauze ndizi, parachichi, karanga na mihogo iliyochemshwa. Ni wazazi wenzetu, na hawachagui pipi kwa ubaya bali kwa kuwa haziozi.

Kwa jirani zetu wa Ngorongoro mambo ni tofauti, na tusiwahubirie shamba la shule. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa tena 1992, kikakatazwa tena 2009. Huko kila punje hununuliwa na kupandishwa kwa gari. Chakula cha mtoto wa kifugaji ni maziwa, naye anapoingia bweni huachana nayo ghafla na kupewa uji wa mahindi asubuhi na ugali jioni. Mwalimu mgeni husema watoto hawa wamezoea vibaya. Kinyume chake, walizoea vizuri kuliko tunavyowapa. Maziwa yaliyochemshwa, yakitiwa katika uji wa bweni hata mara tatu kwa juma, yangerudisha sehemu ya kile walichopoteza, na wenye ng'ombe wako karibu. Katika ukame hayapatikani, hapo maharage hayana budi kuongezwa.

Twende sasa uwanjani. Shirika la Afya Duniani lasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 kwa siku za kuuchosha mwili kwa wastani au kwa nguvu. Mtoto anayetembea kwa miguu kutoka kijijini huwa amepata sehemu kubwa kabla ya kengele. Mtoto wa mjini anayeletwa kwa bodaboda au basi la shule hana hata dakika kumi. Ratiba moja ya michezo haiwatoshi wote wawili. Yule wa kwanza ahitaji kula kabla ya kukimbizwa. Yule wa pili ahitaji kukimbizwa kabla ya kula tena.

Kipindi cha michezo ndicho mwalimu hukopa akichelewa na hesabu. Nimeona pia, mara nyingi mno, kukimbia kukitumiwa kama adhabu: zunguka uwanja mara kumi kwa kuchelewa, lima mita kumi kwa kupiga kelele. Mtoto aliyefundishwa hivyo miaka saba huchukia mbio na jembe kwa pamoja, na sisi hushangaa.

Nchi hii ya Wairaqw ina wakimbiaji wa kujivunia. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na mwaka uliofuata akavunja ile ya maili huko Kingston. Kila mwalimu wa michezo humtaja. Lakini mimi humtaja zaidi John Stephen Akhwari wa Mbulu. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka, akaumia goti, akamaliza wa mwisho, wa 57, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Mwalimu anayewatazama watatu wa mbele tu angekuwa amekwisha kufunga daftari na kwenda nyumbani.

Nasema hivyo kwa sababu michezo yetu ya shule imekuwa ya kuchagua. Wachache huchaguliwa kwenda UMITASHUMTA. Mia tatu waliobaki hukaa kandokando kupiga makofi. Wasichana hupewa ndoo za maji wakati wavulana wanacheza mpira. Mtoto mwenye mguu mbovu hulinda mashati. Lakini rede, kuruka kamba, kombolela na mpira wa makaratasi havitaki fedha wala mchujo. Ngoma zetu pia ni mazoezi. Asiyeamini na aruke na vijana wa Kimaasai kwa dakika tano, au acheze ngoma ya Kiiraqw hadi mwisho, kisha ahesabu mapigo ya moyo wake.

Vikundi vitakavyokutana juma lijalo vizungumze maswali haya. Katika shule iliyo karibu nanyi, ni watoto wangapi hawali mchana, na ni nani kati yenu anayewajua wazazi wao kwa majina? Ghala la shule lina nini leo, na nani ana ufunguo? Je, wapishi wenu hutia magadi? Wasichana wa darasa la sita walicheza mchezo gani juma lililopita? Msiyajibu kwa kukisia. Nendeni shuleni siku ya kazi, saa saba mchana, mkaangalie.