Kupima Viowevu kwa Pipeti

Juu ya pipeti yenye alama moja huandikwa mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyapita bila kuyasoma: ujazo, kwa mfano sentimita za ujazo 25, na halijoto, nyuzi 20 za Selsiasi. Maandishi hayo ni masharti. Pipeti hutoa ujazo ulioandikwa iwapo tu mpimaji ameyatimiza.

Sharti la kwanza ni halijoto. Maji hutanuka yapatapo joto: lita moja ya maji ina gramu 998.2 katika nyuzi 20, na gramu 995.7 katika nyuzi 30. Bweranyange, makao ya kale ya watawala wa Karagwe, iko katika nyanda za juu za Kagera, ambako hewa haiko mbali sana na nyuzi 20. Hivyo mwanafunzi wa huko hulikaribia sharti hilo kuliko mwenzake wa Dar es Salaam, ambako joto la mchana hufika nyuzi 30.

Sharti la pili ni mkono wa mpimaji. Pipeti husuuzwa kwa maji safi, kisha kwa kiowevu kitakachopimwa, kwa maana maji yakibaki ndani hukizimua. Kiowevu huvutwa kwa kifyonzeo cha mpira, kamwe si kwa mdomo. Uso wa maji ndani ya pipeti hubonyea katikati; sehemu ya chini ya mbonyeo huo ndiyo hulinganishwa na alama, jicho likiwa usawa wake. Kisha ncha hugusishwa ukuta wa chupa, na kiowevu huachwa kitiririke chenyewe.

Tone dogo litasalia nchani. Lisipulizwe, kwani mtengenezaji amekwisha kulitoa katika hesabu yake. Mwanafunzi apulizaye leo na kuacha kesho hupata vipimo vya bureti visivyopatana, wala hawezi kujua kipi ni cha kweli.

Zoezi: Pima chombo kikavu kwa mizani. Tia humo maji ya pipeti moja ya sentimita za ujazo 25, kisha pima tena. Rudia mara 5. Kila mara maji yawe karibu gramu 24.9. Majibu yakitawanyika, mkono haujazoea. Yakipatana, lakini yakawa mbali na 24.9, chunguza pipeti, mizani, au desturi ya kupuliza tone la mwisho.