RAMANI TUPU NI MWALIMU: SOMO LA JIMBO LA COLORADO

Watu wengi hutundika ramani ukutani wakaitazama kila siku, na baada ya mwaka mzima hawawezi kueleza mto fulani watoka wapi wala wapita wapi. Jicho husahau upesi, lakini mkono uliokwisha kuchora hukumbuka. Ndiyo maana walimu hupenda kutumia ramani tupu, yaani karatasi yenye mipaka tu, isiyo na majina, mito wala miji, ili mwanafunzi aijaze mwenyewe. Ramani za namna hii za majimbo ya Marekani hupatikana katika intaneti bila malipo, na mwenye mashine ya kuchapa aweza kutoa nyingi apendavyo. Akiharibu moja, huchukua nyingine.

Marekani ina majimbo 50. Somo hili latumia moja tu, Colorado, lililo upande wa magharibi wa nchi ile. Umbo lake ni jepesi, hata asiye na mashine aweza kulichora kwa rula na penseli. Tena habari za maji yake zina mafunzo kwa kila mtu alimaye shamba au afunguaye bomba.

1. MIPAKA NA KIPIMO

Mipaka ya Colorado iliwekwa mwaka 1861, na nchi hiyo ikafanywa jimbo la 38 tarehe 1 Agosti 1876. Mipaka hiyo haikufuata mto wala mlima. Wakubwa wa Washington walichagua mistari ya ramani: kusini latitudo ya 37, kaskazini latitudo ya 41, na baina ya mashariki na magharibi kiasi cha digrii 7 za longitudo. Wapimaji waliotumwa kuweka alama ardhini walipotoka hapa na pale, na alama zao ndizo zilizokuwa mpaka wa kisheria. Kwa hiyo mistari ile haikunyoka kabisa kama inavyoonekana.

Jimbo hili lina urefu wa kilomita 610 hivi toka mashariki hadi magharibi, na kilomita 450 hivi toka kaskazini hadi kusini. Kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kilomita 25, litaenea vizuri katika karatasi ya kawaida ya A4 iliyolazwa kwa mapana. Lakini mwanafunzi na ajihadhari. Mashine ikiikuza ramani au kuipunguza, kipimo kilichoandikwa kwa maneno huwa cha uongo. Kipimo kilichochorwa kama rula ndogo pembeni hukua na kupungua pamoja na ramani, na hicho ndicho cha kuaminiwa.

Sasa na apime upande wa juu na upande wa chini. Katika ramani iliyochorwa kwa uangalifu ataona kwamba upande wa kusini ni mrefu zaidi. Ardhini tofauti yake ni zaidi ya kilomita 30. Sababu ni kwamba mistari ya longitudo huzidi kukaribiana kadiri inavyoelekea ncha ya dunia. Hivyo rula peke yake yaweza kumwonyesha mtu kwamba dunia ni mviringo.

Kisha aandike majina ya majirani: Wyoming kaskazini, Nebraska kaskazini-mashariki, Kansas mashariki, Oklahoma na New Mexico kusini, na Utah magharibi. Katika pembe ya kusini-magharibi Colorado hugusana na Arizona. Hapo majimbo manne hukutana mahali pamoja, jambo lisilopatikana penginepo Marekani.

2. MILIMA NA MITO

Kwa penseli ya kahawia apake sehemu ya katikati na ya magharibi, kwenye Milima ya Rocky. Mlima Elbert, ulio mrefu kupita yote, una mita 4,401. Mashariki ni nyanda tambarare, na mahali pa chini kabisa, karibu na mpaka wa Kansas, ni mita 1,011 juu ya usawa wa bahari.

Katika milima hiyo huanzia mito minne mikubwa. Kwa rangi ya buluu achore South Platte ukielekea kaskazini-mashariki, Arkansas mashariki, Rio Grande kusini, na Colorado magharibi. Kisha atie mstari wa nukta juu ya uti wa milima, kaskazini hadi kusini. Maji ya mashariki ya mstari huo huteremkia upande wa bahari ya Atlantiki, na ya magharibi upande wa Pasifiki.

3. MIJI

Denver ilianzishwa mwaka 1858, wakati watu walipokimbilia dhahabu, mahali kijito cha Cherry Creek kinapoingia South Platte. Mwanafunzi atie alama yake, kisha Fort Collins kaskazini, na Colorado Springs na Pueblo kusini. Ataona miji hii yote imejipanga chini ya milima, upande wa mashariki. Magharibi atie Grand Junction, mahali mto Gunnison unapokutana na mto Colorado. Jina la mji huo ni la zamani, kwa maana hadi mwaka 1921 sehemu hiyo ya mto iliitwa Grand.

4. RAMANI YAULIZA SWALI

Ramani ikiisha kujazwa, ndipo faida yake ionekanapo. Kiasi cha sehemu nne kati ya tano za mvua na theluji ya Colorado huanguka magharibi ya mstari wa nukta, na zaidi ya sehemu nne kati ya tano za watu hukaa mashariki. Basi maji yako upande huu, na wanywaji upande huu mwingine, na milima imesimama katikati.

Ukame wa miaka ya 1930 ulipowabana wakulima wa bonde la South Platte, serikali kuu ilikubali mwaka 1937 gharama ya kazi kubwa. Handaki la kilomita 21 lilichimbwa chini ya milima, na maji ya magharibi yakapita kwenda mashariki kwa mara ya kwanza mwaka 1947.

Lakini maji yapelekwayo kwa mmoja hupungua kwa mwingine. Mwaka 1922 majimbo 7 ya bonde la mto Colorado yalipatana kuugawa katika mafungu mawili sawa, moja la majimbo ya juu na moja la majimbo ya chini. Hesabu yao ilifuata miaka ya maji mengi, nayo haikurudi mara kwa mara. Mexico, iliyo mwisho wa mto, ilipata ahadi ya fungu lake kwa mkataba wa mwaka 1944. Siku hizi, katika miaka mingi, mto ule hukauka kabla ya kufika baharini.

Mtu asiyejua ramani husikia ugomvi huu kama kelele za watu wa mbali. Aliyeijaza kwa mkono wake huona chanzo chake. Baada ya hapo na achukue ramani tupu ya nchi yake. Mkazi wa Nairobi, kwa mfano, atie alama bwawa la Ndakaini katika Murang'a, litoalo maji mengi ya mji huo, kisha ajiulize ni nani hukaa kando ya mito ile, na ni nani huinywa.

MASWALI
1. Kwa nini upande wa kusini wa Colorado ni mrefu kuliko wa kaskazini?
2. Toka Denver hadi Grand Junction ni kilomita 315 hivi kwa mstari ulionyoka, bali kwa barabara ni karibu 390. Ramani yaeleza nini juu ya tofauti hiyo?
3. Maji ya kijiji chako hutoka mlima gani, nayo huishia wapi?